Mwanafizikia na Siri za Watu: Tafakuri juu ya Maisha na Riwaya za M. G. Vassanji

UTANGULIZI

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Tunduma, kabla hajafika Vwawa, aweza kuiacha barabara kuu na kwenda kukitazama kimondo cha Mbozi. Ni bonge la chuma lenye urefu wa karibu mita 3, na uzito wake kwa kawaida hukadiriwa kuwa tani 16. Sehemu yake kubwa ni chuma, na nikeli ni kama asilimia 8. Wageni walikuja kukifahamu mwaka 1930, pale mpima ardhi W. H. Nott alipokiona, wenyeji walikuwa wamekijua tangu zamani. Jambo linalostahili kuangaliwa na msomaji wa fasihi si chuma chenyewe, bali namna wataalamu walivyolijibu swali la wakati wa kuanguka kwake. Hawakukuta shimo lililochimbwa na anguko hilo, wala hawakusikia kwa wenyeji hadithi yoyote ya siku kilipoanguka. Kutokana na mambo hayo mawili yaliyokosekana wakaona kwamba kilianguka zamani sana, kabla ya kumbukumbu za wakazi wa nchi hii. Hata kimya kilihesabiwa kuwa ushahidi.

Makala hii inahusu mwandishi wa riwaya ambaye alifunzwa kufikiri kwa namna hiyo. M. G. Vassanji, aliyekulia Dar es Salaam, alikuwa mwanafizikia wa nyuklia kabla ya kuwa mtunzi. Wahakiki wengi wamemjadili kama mwandishi wa Wahindi wa Afrika Mashariki na wa watu waliohama, na kwa haki. Lakini elimu yake ya kwanza hutajwa kwa sentensi moja, kana kwamba ilikuwa nguo aliyoivua na kuitupa. Sisi twaona kwamba hakuivua. Kusudi letu ni kuonyesha kwamba nguvu ya riwaya zake bora imo katika uaminifu wa mtu aliyezoea kutofautisha kati ya anachokijua na anachokikisia, na kwamba uaminifu huo una somo kwa watu wa mpakani kama sisi, hasa kwa wale wanaojiandaa kuwa watumishi wa watu.

MAISHA YAKE

Moyez Gulamhussein Vassanji alizaliwa Nairobi tarehe 30 Mei 1950, katika jamii ya Khoja Ismailia ambayo wazee wake walitoka Gujarat, India. Baba yake alifariki yeye angali mtoto mdogo. Mama akahamia Dar es Salaam pamoja na watoto wake, akawalea kwa kuendesha duka. Hivyo mwandishi alikulia katika mitaa ya Kariakoo na Mtaa wa Uhuru, mahali ambapo Kiswahili, Kigujarati, Kikachi na Kiingereza vilisikika katika saa moja ya kazi. Mtaa huo baadaye ulitoa jina la mkusanyo wake wa hadithi fupi, Uhuru Street, na Kariakoo ikatoa jina la kitabu cha safari na kumbukumbu, And Home Was Kariakoo, cha mwaka 2014.

Mwaka 1970 alikwenda Marekani kwa msaada wa masomo, akasoma fizikia katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts. Mwaka uliofuata serikali ya Tanzania ilipitisha sheria ya kutwaa majengo ya kupangisha, na mwaka 1972 Idi Amin akawafukuza Waasia wa Uganda. Jamii aliyoiacha nyuma ilianza kutawanyika kwenda Uingereza na Kanada. Yeye aliendelea na masomo, akapata shahada ya udaktari katika fizikia ya nyuklia katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1978. Kisha akafanya kazi katika maabara ya nishati ya atomu huko Chalk River, Kanada, na kuanzia mwaka 1980 katika Chuo Kikuu cha Toronto. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1980 yeye na mkewe, Nurjehan Aziz, walianzisha jarida la fasihi la waandishi wenye asili ya Asia ya Kusini.

Riwaya yake ya kwanza, The Gunny Sack, yaani gunia, ilitoka mwaka 1989, na katika mwaka huo aliacha kazi ya fizikia ili aandike tu. Mwaka 1994 riwaya ya The Book of Secrets, kitabu cha siri, ilipata Tuzo ya Giller ya Kanada, nayo ndiyo iliyokuwa ya kwanza kabisa kutolewa. Mwaka 2003 aliipata tena kwa riwaya ya The In-Between World of Vikram Lall, akawa mtu wa kwanza kuipata mara mbili. Huyu basi si mtu aliyeikimbia sayansi kwa kushindwa. Aliiacha akiwa mtaalamu kamili, mwenye umri wa karibu miaka 40.

GUNIA NA SHAJARA

Riwaya za Vassanji mara nyingi huanza na kitu cha kushikwa mkononi. Katika The Gunny Sack, msimulizi Salim Juma anarithi kutoka kwa bibi mkongwe, Ji Bai, gunia la vitu vikuukuu, na kila kitu kinachotolewa humo kina hadithi yake. Ndani ya hadithi hizo yumo Dhanji Govindji, mfanyabiashara wa Kihindi aliyekuja pwani yetu, na yumo Bibi Taratibu, mtumwa aliyemzalia mtoto. Mtoto huyo, Huseni, alipotea, na baba yake akatumia mali yake na hata fedha za jumuiya kumtafuta. Salim ni mzao wa Huseni. Kwa maneno mengine, mwandishi anaanza kazi yake ya utunzi kwa kuiambia jamii yake mwenyewe jambo ambalo haikupenda kulisema hadharani: kwamba damu ya mtumwa imo ndani ya ukoo, na kwamba familia zilijenga heshima zao juu ya kumsahau mwanamke huyo.

Katika The Book of Secrets kitu hicho ni shajara. Mwaka 1988 mwalimu mstaafu wa historia, Pius Fernandes, anapewa Dar es Salaam shajara ya Mwingereza Alfred Corbin, aliyekuwa ofisa wa utawala mwaka 1913 katika mji mdogo uitwao Kikono. Mji huo ni wa kubuni, lakini mwandishi ameuweka mahali halisi, karibu na mpaka wa makoloni ya Waingereza na Wajerumani, upande wa Taveta na Kilimanjaro. Humo mna msichana aitwaye Mariamu, mpwa wa kiongozi wa jamii ya Wahindi. Corbin anaingilia kati anapoona msichana huyo anateswa kwa kisingizio cha kupungwa pepo. Baadaye Corbin anaugua, na Mariamu anamwuguza. Kisha Mariamu anaolewa na mwenye duka, Pipa, naye Pipa anatambua kwamba mkewe hakuwa bikira. Anazaliwa mtoto mweupe kupita kiasi. Vita vya mwaka 1914 vinafika, Mariamu anauawa kikatili, na shajara iliyokuwa imeibwa inabaki mikononi mwa Pipa, ambaye hawezi kuisoma. Anaificha dukani kwake kwa miaka mingi, akiamini kwamba ndani yake limo jibu la swali moja: baba wa mtoto ni nani?

Hapa ndipo tunapomwona mwanafizikia. Yafaa tukumbuke jinsi kiini cha atomu kilivyogunduliwa. Mwaka 1909 huko Manchester, Geiger na Marsden, chini ya uongozi wa Ernest Rutherford, walirusha chembe za alfa kwenye karatasi nyembamba sana ya dhahabu. Nyingi zilipita moja kwa moja, chache zilikengeuka, chache mno zilirudi nyuma. Mwaka 1911 Rutherford alieleza kwamba ndani ya atomu lazima mna kiini kidogo na kizito. Hakuna aliyekiona kiini hicho kwa macho. Kilijulikana kwa mikengeuko ya vile vilivyokikaribia.

Mariamu amesawiriwa kwa njia hiyohiyo. Hatuingizwi moyoni mwake hata mara moja, wala hatuambiwi lililotukia usiku wowote nyumbani kwa Corbin. Tunachopewa ni njia za maisha zilizopinda kwa sababu yake. Kalamu ya Corbin inanyamaza mahali ambapo ingepaswa kusema. Pipa anageuza duka lake kuwa kama kaburi la mkewe. Mtoto anakua bila kujua asili yake, na swali lake linaendelea kuwasumbua wengine hadi London. Mwalimu Fernandes naye, aliyedhani kwamba anachunguza maisha ya watu wengine, anajikuta anachunguza maisha yake mwenyewe. Mwisho wa riwaya swali la Pipa halijibiwi. Msomaji mwenye haraka atasema kwamba ametapeliwa. Sisi twasema kwamba hilo ndilo jambo la heshima kuliko yote katika kitabu hiki. Mtunzi alikuwa na uwezo wote wa kubuni jibu. Kalamu ilikuwa mkononi mwake. Lakini jibu hilo lingekuwa hukumu juu ya mwanamke aliyekwisha kufa, lililotolewa bila ushahidi. Hatudai kwamba Vassanji aliketi akiwaza karatasi ya dhahabu. Twasema tu kwamba mtu aliyetumia miaka karibu 20 katika elimu ya vitu visivyoonekana hawezi kuona aibu kuandika kwamba hajui.

MPAKA WA KIKONO NA MPAKA WA TUNDUMA

Msomaji wa Songwe ataisoma riwaya hii kwa namna yake. Mpaka wetu nao ulichorwa mbali, katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890, ukawaacha Wanyamwanga upande huu na upande ule. Vita vilevile vinavyokifikia Kikono vilifika hapa. Mwaka 1916 majeshi ya Jenerali Northey yalivuka kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Mwanzoni mwa Novemba 1918 Lettow-Vorbeck alipita na jeshi lake akaishambulia Fife, karibu na Nakonde ya leo, na tarehe 25 Novemba akaweka silaha chini huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala. Majenerali waliandika, na vitabu vyao vinasomwa hadi sasa. Wapagazi waliobeba mizigo ya majeshi hayo kupita katika vijiji vya Mbozi na Momba hawakuacha shajara. Ni nani alikufa njiani, ni mke wa nani alichukuliwa, ni mtoto wa nani alizaliwa baada ya jeshi kupita: mambo hayo yalisemwa kwa sauti ya chini, kisha hayakusemwa tena.

Vassanji anatufundisha namna mbili za kukosea mbele ya kimya cha namna hiyo. Ya kwanza ni kudhani kwamba kisichoandikwa hakikutokea. Hilo ndilo kosa la wenye nyaraka. Ya pili ni kukijaza kimya kwa hadithi tunayoipenda, kisha kuiita historia. Hilo ndilo kosa la wenye bidii. Corbin anaandika mengi, lakini shajara yake ni sehemu ndogo tu ya Kikono, na Fernandes analijua hilo. Kwa sababu hiyo anatafuta wazee, barua na uvumi, na kila chombo anakipima kwa kadiri ya uzito wake.

IMANI NA ELIMU

Mwandishi huyu hakuitumia sayansi kuidharau dini, kama walivyofanya wasomi wengi wa rika lake. Katika The Assassin's Song ya mwaka 2007, kijana Karsan ni mrithi wa mahali patakatifu pa Pirbaag huko Gujarat, penye kaburi la walii wa Kisufi ambapo Wahindu na Waislamu huja kuomba pamoja. Yeye anataka kusoma. Anakwenda Harvard, anaukataa urithi wake, na anaporudi anakuta patakatifu pale pameharibiwa katika fujo za mwaka 2002. Kitabu hakimhukumu kwa kutaka elimu, wala hakimsifu kwa kukimbia. Kinauliza tu kama mtu aweza kuacha wito bila mwingine kuulipia. Mwanafunzi yeyote aliyetoka kijijini akaacha nyuma wazee waliomtegemea atalielewa swali hilo bila kufafanuliwa.

Katika The Magic of Saida ya mwaka 2012, Kamal Punja ni daktari nchini Kanada. Alizaliwa Kilwa, mama yake Mwafrika na baba yake Mhindi, na alipokuwa mtoto mama alimpeleka Dar es Salaam kwa ndugu wa baba ili alelewe kama Mhindi. Baada ya miaka mingi anarudi Kilwa kumtafuta Saida, msichana wa utotoni mwake. Daktari huyu wa dawa za kisasa anakutana na uganga, na pia na kumbukumbu ya mshairi mzee aliyebeba siri nzito ya zamani za Wajerumani. Mwandishi hatuambii tuamini uganga, lakini pia hamruhusu daktari acheke.

Hatimaye mwaka 2023, katika Everything There Is, Vassanji alirudi kwenye fizikia yenyewe. Mhusika mkuu, Nurul Islam, ni mwanafizikia mzaliwa wa Punjab anayefundisha London, mtu wa sala, ambaye imani yake na mapenzi yasiyotazamiwa vinamweka hatarini. Chanzo cha mhusika huyu ni Abdus Salam, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1979. Salam alikuwa Mwahmadiyya, na mwaka 1974 katiba ya Pakistan ilikwisha kutangaza kwamba watu wa jamii yake si Waislamu. Hapo pana jambo la kufikiriwa na kila chuo cha dini: mtu aliyesema kwamba anamsifu Mungu kwa hesabu zake alikataliwa na watu wa nchi yake, nao waliomkataa walikuwa na hakika kamili. Katika riwaya za Vassanji, hakika ya namna hiyo ndiyo inayoua watu. Shaka haijamwua mtu.

KASORO

Uhakiki usiotaja kasoro ni matangazo ya duka. Tunaona tatu.

Kwanza, Waafrika katika riwaya zake za mwanzo mara nyingi hukaa pembeni. Ni watumishi, askari, wapita njia. Bibi Taratibu mwenyewe, ambaye ni shina la ukoo, ana maneno machache mno. Mtu aweza kusema kwamba huo ni uaminifu uleule: mwandishi hakujua yaliyomo moyoni mwake. Hatuukubali utetezi huo kikamilifu. Kuna pengo linaloachwa kwa sababu ushahidi haupo, na kuna pengo linaloachwa kwa sababu hakuna aliyekwenda kuuliza. Ni haki kuongeza kwamba alijirekebisha. Njoroge katika Vikram Lall, kijana Mkikuyu anayempenda Deepa na kukataliwa na mama wa Kihindi, ni mtu kamili, na kuumizwa kwake kunaushtaki moja kwa moja ubaguzi wa jamii ya mwandishi.

Pili, pale sayansi inapokuwa mada badala ya kuwa nidhamu, sanaa hupungua. Riwaya ya Nostalgia ya mwaka 2016 inaeleza wakati ujao ambapo watu hubadilishiwa kumbukumbu ili waishi upya, na daktari anawatibu wale ambao kumbukumbu za zamani zinawavujia. Wazo ni zuri, lakini wahusika wamekuwa wembamba, kama watu waliotengenezwa kuthibitisha wazo.

Tatu ni lugha. Watu wa Kikono, Kilwa na Kariakoo waliishi kwa Kiswahili, pamoja na Kikachi na Kigujarati, lakini tunawasikia kwa Kiingereza. Hapo yafaa kumlinganisha na C. Radhakrishnan wa Kerala, India, aliyezaliwa mwaka 1939, ambaye naye alikuwa mwanasayansi, akifanya kazi katika kituo cha kuchunguza anga huko Kodaikanal. Yeye aliandika riwaya zake katika Kimalayalam, lugha ya watu aliowaandika, na jirani yake aliweza kumsoma. Vassanji alikuwa na sababu zake. Mtu aliyelelewa kwa lugha nne na kuishi ugenini huandika kwa ile iliyobaki imara. Hata hivyo hasara ni yetu. Bibi wa Kilwa aliyempa mtunzi huyu sauti hawezi kusoma jinsi sauti yake ilivyotumika. Kuyaleta maandiko haya katika Kiswahili ni kazi inayowangoja watu wa vyuo vyetu, na mfasiri atagundua kwamba mazungumzo mengi humo yanarudi nyumbani tu.

HITIMISHO

Mwanafunzi mmoja aweza kuuliza: yanatuhusu nini sisi haya ya Mhindi wa Kanada? Tunajibu kwa mfano wa karibu. Tunduma ni mji wa malori na wa watu wanaopita. Wapo humo wanawake wanaolea watoto ambao baba zao hawajulikani kwa majirani, na wapo watoto wanaokua wakiulizwa kila mahali, shuleni na hata kanisani, swali lilelile alilouliza Pipa. Siku moja mchungaji kijana atakaa mezani pamoja na wazee wa usharika, na jina la mwanamke wa namna hiyo litaletwa mbele yao. Kutakuwa na uvumi mwingi. Kutakuwa na shajara ya mtu fulani, yaani maneno ya mwenye cheo. Mwanamke mwenyewe huenda asiseme neno.

Wakati huo atahitaji kujua tofauti kati ya kupima na kukisia. Mtume Paulo alikiri kwamba ujuzi wetu hapa duniani ni nusu tu, naye hakuwa mtu wa kuficha alichokijua. Pius Fernandes alitumia kitabu kizima kumtafuta Mariamu, na mwishoni alikuwa na ujasiri wa kumwachia siri yake. Wazee wa Mbozi walikaa na kimondo chao vizazi vingi bila kukitungia hadithi ya kuanguka, na kimya chao hakikumpotosha mtu. Twawasihi wasomaji wetu waanze na The Book of Secrets, wakiweza kuipata, na waisome taratibu. Wakifika mwisho wakaona wamekasirika kwa kutoambiwa baba wa mtoto ni nani, basi wajiulize hasira hiyo imetoka wapi, na ni mara ngapi wameipeleka nyumbani kwa mtu aliye hai.